Bidoni Isiyotiwa Klore

Kila asubuhi kabla ya shule niliteremka ziwani Kivu na bidoni yangu, dumu la manjano la kuchotea maji. Lava ya volkano Nyiragongo ya mwaka 2021 ilikuwa imevunja mabomba ya mtaa wetu hapa Goma, kwa hiyo sote tulichota ziwani. Ukishachota, ulipanga mstari mbele ya Papa Kataliko, naye alitia klore, dawa yenye harufu kali inayoua vijidudu, katika bidoni yako kwa sindano isiyo na ncha. Ilikuwa bure.

Siku moja mstari ulikuwa mrefu. Rafiki yangu Charline akanicheka.

"Umuhire, utangoja mpaka Nyiragongo iwake tena? Unaona mududu humu ndani? Twende!"

Nikamfuata. Nyumbani mama yangu, Dancille, aliuliza, "Wametia dawa?"

"Ndiyo, mama."

Nikajibu hivyo juma zima.

Ijumaa mdogo wangu Janvier, wa miaka mitatu, alianza kuhara damu. Mama alimchanganyia maji ya chumvi na sukari, akampa kikombe baada ya kikombe, kutoka bidoni yangu. Nilisimama mlangoni nikitazama. Kufikia jioni Janvier alilia bila machozi.

Kwenye kituo cha afya, muganga Kambere aliuliza, "Mama Dancille, anakunywa maji gani?"

"Ya klore, muganga. Huyu binti yangu ndiye anayeyachota."

Hapo nikashindwa. "Si ya klore. Nilidanganya."

Mama akamvuta Janvier kifuani, akanipa mgongo. Afadhali angenipiga.

Kesho yake, Janvier akiwa bado na serumu, dripu ya maji, mkononi, nilimuuliza muganga, "Mdudu asiyeonekana anapata wapi nguvu hizi?"

"Ni bakteria," alisema. "Ndani yake mna wabebaji wadogo sana wanaoleta vipande vya kuundia silaha zake za kushambulia utumbo. Mna pia kimeng'enya, kama fundi mdogo, anayebadilisha sehemu moja ya mbebaji ili kazi iende sawasawa. Fundi huyo akikosekana, silaha hupungua."

"Basi mzuieni fundi!"

"Wataalamu wanatafuta njia. Lakini klore humuua bakteria na fundi wake humo humo ndani ya bidoni."

Janvier alipona baada ya siku sita. Njiani mama, akiwa amembeba mgongoni, aliniambia polepole, "Maji machafu ningeyachemsha, mwanangu. Yako sikuyachemsha kwa sababu nilikuamini. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna la kufanya."

Tangu siku hiyo nangoja mstari mpaka zamu yangu ifike. Mama haniulizi tena kuhusu dawa. Ila kabla ya kumpa Janvier maji, hunusa kikombe kwanza.