Mjukuu Wangu Aliwaona Viwavi, Akanyamaza

Nina miaka sitini na minane, au labda sabini. Sina uhakika, maana karatasi zangu zilipotea njiani tulipokimbilia Uganda. Shule niliishia darasa la tatu. Mkiona maandishi yamepinda, msinicheke. Nimeandika mwenyewe kwa sababu sitaki mtu alainishe maneno yangu.

Ninakaa Buluk, hapa Juba. Binti yangu alifia huko Uganda, kambini, akaniachia mtoto wa miezi saba, Kiden. Nilimlea kwa jembe. Tuliporudi nyumbani niliuza bamia na mahindi soko la Custom, jua likanichoma mpaka shingo ikawa kama ngozi ya kiatu... lakini Kiden alisoma! Akamaliza chuo. Kisha akasema anataka digrii ya pili, ya elimu ya ugani, awe mtu wa kwenda mashambani kufundisha wakulima. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Nani asingefurahi?

Mwaka jana akaja na utafiti wake. Alihitaji wakulima. Shamba langu liko kando ya kijito, linapakana na la Yunia, rafiki yangu tangu kambini. Kiden alituletea karatasi, tukabonyeza vidole kukubali. Hatukuuliza kitu. Utamhoji vipi mtoto uliyembeba mgongoni?

Akaniambia, "Habooba, bibi yangu, nyinyi wa upande huu msiende kwenye mafunzo kule ng'ambo ya kijito. Ya kwenu nitashughulikia mwenyewe."

Basi kichwa kikavimba! Nilidhani ametupendelea. Nilidhani atakuja kutufundisha peke yetu, jikoni kwangu, kama watu wa nyumbani.

Siku ya mafunzo tulisikia wanawake wa ng'ambo wakicheka na kupiga makofi. Yunia akatupa jembe. "Mimi naenda kusikiliza. Masikio si yangu?"

Nikamshika kitenge. "Utaaibisha mtoto, Yunia! Sisi tuna ticha wetu nyumbani. Wale wanafundishwa kwa kundi, kama mbuzi."

Akacheka. "Haya, nyanya wa profesa." Akarudi kulima.

Tukangoja... Mahindi yalipofika magotini, viwavi wakaja. Waliingia juu pale, kwenye moyo wa mhindi, wakala mpaka majani yakawa matambara. Kiden alikuja kila wiki. Alipima kwa rula, akahesabu majani yaliyotoboka, akapiga picha. Nilimuuliza, "Mwanangu, tufanye nini?" Akainama kwenye daftari lake. "Bado naangalia, habooba." Kisha alikula asida yangu, ugali wetu wa huku, akapanda bodaboda, akaenda.

Ng'ambo mahindi yalisimama kijani kabisa. Sisi tukasema udongo wao ni mzuri. Yunia akasema pengine wenzetu wanasali zaidi. Tulivuna magunzi matupu! Yunia ana wajukuu watano, baba yao hayupo. Niliwaona watoto wale wakichuma majani ya mwitu na kuyachemsha bila chumvi.

Miezi ikapita. Kiden akanialika hotelini Thongpiny, siku ya kueleza utafiti wake mbele ya wakubwa. Nilivaa kitenge changu cha Krismasi. Nikakaa mstari wa mbele kama mama wa bi harusi.

Ghafla nikaona picha ukutani, kubwa kuliko mlango. Shamba langu! Mahindi yaliyokufa, na Yunia amesimama katikati, mkono kichwani. Watu wakaandika. Mtu mmoja mwenye miwani akatabasamu na kutikisa kichwa kwamba ni vizuri.

Kiingereza sijui. Nikamuuliza msichana wa Uganda aliyekuwa anagawa chai. Akainama, akaninong'oneza, "Mama, iko nasema hii shamba haikufundishwa. Waliiacha makusudi, waone tofauti. Wale wengine walifundishwa kutia majivu ndani ya mahindi, mdudu nakufa."

Majivu!

Majivu ninayomwaga nje kila asubuhi! Majivu ya moto ule ule uliompikia Kiden asida! Watu walimpigia makofi mjukuu wangu, na mimi nilikuwa nimekaa pale.

Nilimkamata kwenye baraza. Alianza kulia kabla sijafungua mdomo. "Malesh, nisamehe, habooba. Ningewaambia, kazi yote ingeharibika. Nilipanga kuwafundisha msimu ujao."

"Na msimu huu watoto wa Yunia wale picha?"

Nikamwambia achukue nguo zake nyumbani kwangu kabla jua halijazama. Alichukua.

Mngefikiri uchungu uliishia hapo? Ilibidi nimweleze Yunia. Nilimweleza yote, nimepiga magoti kwenye ua wake. Alisikiliza huku akifunga mizigo, maana alikuwa ameamua kurudi kambini Uganda, ambako angalau kuna mgao wa chakula.

"Kiden ni mtoto, anatafuta karatasi yake," alisema. "Mimi nilikuwa nimeshatupa jembe. Nani alinirudisha?"

Hakuniaga. Zaidi ya miaka ishirini ya urafiki, na hakuniaga!

Leo Kiden anaitwa ofisa ugani, anatembea na gari lenye bendera. Amenitumia watu wa kanisa mara tatu kuomba msamaha. Nimewapa chai, nimewarudisha. Labda nitaulizwa na Mungu. Nitamjibu.

Ninyi vijana mnaosoma kilimo, nawasihi: mkishajua dawa, msisimame na rula mkingoja wagonjwa wafe vizuri. Na ninyi wazee wenzangu, msilewe kwa sababu mtoto amesoma. Kabla ya kubonyeza kidole, ulizeni mmewekwa upande gani, hata kama anayeshika karatasi mlimnyonyesha. Na rafiki akitaka kwenda kusikiliza, mwacheni aende. Mimi sikumwacha. Shamba la Yunia sasa ni majani marefu, na kila siku nalima peke yangu nikiwa nimeligeuzia mgongo.