Kitengo Kisicho na Amri

Saa 4:10 asubuhi, Ijumaa. Nakivubo.

Chumba cha nyuma cha duka la vipuri kilinuka oili. Watu watatu, meza moja, kompyuta moja. Olal, sajini aliyefukuzwa jeshini, alisimama nyuma ya kiti cha Concy. Swaibu, dereva, alikaa karibu na mlango. Ndiye aliyemleta Concy kundini. Alikuwa amemwoa dada ya Concy, Apio.

Concy alisimamia mtandao wa kampuni ya kuhifadhi dhahabu kule Makindye. Bila yeye, hakuna kazi.

"Eleza tena," Olal alisema. "Polepole."

"Afande, hii ni saraka ya mtandao. Kila kompyuta ya kampuni iko ndani, imepangwa kwa vitengo. Kila kitengo iko na amri yake." Akagusa kioo. "Hii mashine inaongoza milango yote ya ndani. Iko kitengo ya ghala. Amri inasema mlango inataka kadi mbili, kuingia na kutoka. Mimi natengeneza kitengo mpya, haina amri. Nahamisha mashine huko."

"Kama askari bila kamanda."

"Eeh. Kadi moja inatosha. Tukimaliza narudisha mashine, nafuta kitengo. Jumatatu niko kwa meza yangu."

Hilo ndilo alilolitaka kuliko dhahabu yenyewe: kurudi mezani akiwa safi. Alikuwa na watoto wawili, na hawakuwa na mzazi mwingine.

Olal hakumwamini. Kikulacho ki nguoni mwako. Jeshini aliona mengi, lakini hilo ndilo aliloondoka nalo.

"Tengeneza sasa. Mimi naona."

"Kazini ingekuwa vizuri, natulia..."

"Sasa! Ukiwa huko peke yako, nani anajua unaandika nini?"

Concy akaandika jina: Matengenezo. Olal alimpumulia shingoni, akamhimiza, akagonga meza. Concy akabonyeza haraka. Kitengo kikazaliwa.

"Shemeji, pole," Swaibu alinong'ona. Olal akamtazama yeye pia.

Saa 7:05 mchana. Makindye.

Walinzi waliokuwa Waislamu walikwenda kuswali Ijumaa, wenzao wakawa kwenye chakula. Olal na Swaibu waliingia na sare za mafundi wa viyoyozi, karatasi ya kazi imesainiwa na Concy. Concy akaihamisha mashine kwenye kitengo kipya. Kadi moja, yake. Mlango wa ghala ukafunguka bila kelele.

Swaibu akasukuma masanduku mawili hadi kwenye gari. Concy akageuka kwenda chumba cha mitambo kumaliza. Olal akamfuata.

"Afande, hii haikuwa kwa mpango."

"Nataka kuona kitengo inakufa."

Saa 7:31 mchana.

Concy akairudisha mashine kwenye kitengo cha ghala. Kisha akabonyeza kufuta. Kioo kikakataa: huna ruhusa.

Olal alisoma maneno hayo mara mbili.

"Nani amekunyima ruhusa?"

"Hakuna mtu. Ni kinga tu..."

Bastola ya Olal ikagusa sikio la Concy. Kwa mkono mwingine Olal akapiga simu. "Swaibu! Shemeji yako ametuuza. Washa gari, ngoja mimi."

Ikaja sauti ya Swaibu, nyembamba: "Concy? Haiwezekani..." Simu ikakatika.

"Sikiliza, afande." Concy alionyesha kioo kwa kidole. "Kila kitengo mpya inazaliwa na kinga, mtu asifute kwa bahati mbaya. Unaitoa wakati unatengeneza. Asubuhi wewe ulinisukuma, nikasahau. Ona."

Akafungua ukurasa mwingine. Alama moja ndogo. Akaiondoa. Akabonyeza kufuta, na Matengenezo ikatoweka kana kwamba haikuwahi kuwapo. Akaiagiza mashine isome amri zake upya. Ingechukua dakika moja.

Olal akashusha bastola. Akacheka kwa aibu, kisha akamwita kwa heshima.

"Basi, nyabo. Kumbe wewe mtu mzuri."

Nje, injini ikanguruma. Olal akakimbilia dirishani. Gari lilikuwa linavuka geti.

"Swaibu! Weee!" Akapiga nondo za dirisha kwa kiganja.

Concy pia aliliona. Mtu aliyekula mezani kwake kila Krismasi, naye Concy akala kwake kila Idi, amemwacha na bastola sikioni, hakuuliza hata mara ya pili. Iliuma kuliko alivyodhani. Akachukua kadi yake, akatoka. Mlango ukajifunga.

Olal alipogeuka, dakika ilikuwa imepita. Akaweka kadi ya mgeni aliyopewa getini. Taa nyekundu. Akaweka tena. Nyekundu. Amri ya kadi mbili ilikuwa imerudi. Kupitia kioo cha mlango alimwona Concy akionyesha kwa kidole juu ya kichwa cha Olal. Akainua macho.

Kamera. Zile za ghala Concy alikuwa amezizima. Hii haikuzimwa, maana kwa mpango humu angeingia Concy peke yake. Ilikuwa imemwona akimwekea bastola sikioni.

"Banange! Jambazi!" Concy alianguka magoti kwenye korido. "Nisaidieni! Alitaka kuniua!"

Machozi hayakuwa ya kuigiza. Mlinzi wa kwanza alifika akihema, bunduki mkononi.

"Wako wangapi?"

Concy alimfikiria Apio. Akafuta pua kwa mkono.

"Wawili," akasema, akamtajia namba ya gari.