Chalwe na Kikombe cha Kapya

Kila jioni Chalwe aligeuza samaki juu ya chanja, akapuliza moto, akanawa magamba mikononi, kisha akamtafuta mama yake. Zamani huo ulikuwa wakati wao wa kushona nyavu. Zamani watu wa kijiji cha Kabuta walimwita mama huyo BanaChalwe, yaani mama Chalwe. Walipozaliwa mapacha, Mpundu na Kapya, desturi ikambadilisha jina. Akawa Nampundu, mama wa mapacha.

"Mapacha wana nyimbo zao," Beauty, rafiki wa Chalwe, alimtania. "Wewe uliyekuja peke yako, nani atakuimbia?"

Mpundu alikuwa na miaka mitatu na aliongea kama chiriku. Kapya, mwenye macho yaliyoinuka pembeni na mwili laini, alinyoosha kidole tu. Kwa hiyo kila jioni mama alikaa naye, kikombe cha maji mkononi. "Mayi, Kapya. Sema, mayi." Anasubiri. Anarudia. Wivu ulimkwama Chalwe kama mwiba wa samaki kooni.

Jioni moja mama aliingia ndani kuchukua unga. Alipotoka, Chalwe akaruka. "Mama! Kapya amesema mayi!"

"Mutoto amesema?" Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Kisha akaketi na Chalwe, wavu mapajani. "Sasa ataomba mwenyewe."

Kesho yake jua lilikuwa kali. Kapya akaleta kikombe.

"Sema, baba," mama alimbembeleza.

Kapya akanyoosha kikombe.

"Jana umesema, leo unanigomea?" Mama akausogeza mtungi mbali. Kapya akalia, midomo imemkauka, akaenda kumshika Chalwe gauni.

Uzi wa wavu ukamponyoka Chalwe. "Mama, mpe! Hakusema. Nilidanganya."

Mama alimnywesha mtoto kwanza. "Kwa nini, Chalwe?"

"Nilitaka uwe BanaChalwe tena."

Mama aliuvuta wavu mapajani. "Sogea hapa," akasema. "Wote tutakaa."

Tangu siku hiyo walishona pamoja, Chalwe akimtajia Kapya uzi, kikombe, mayi, na kusubiri. Mpundu akitaka kujibu, alimkemea: "Wewe umeshashiba maneno, mwachie mwenzako!"

Mvua zilikuwa zimeanza Chalwe alipoinuka jioni moja kwenda kugeuza samaki. Nyuma yake sauti nzito ya kitoto ikaita, "Yaya."

Yaani, dada mkubwa! Chalwe aligeuka. "Mama, umesikia mwenyewe? Mimi sisemi kitu."

"Nimesikia," mama alicheka huku machozi yakimtoka. "Mimi namfundisha mayi, yeye anakuita wewe! Leo mwenye wivu ni mimi." Akamvuta karibu. "Mapacha tunawasalimu pamoja, mwanangu, lakini kila mtoto hufungua mdomo siku yake. Na wivu ukikubana, useme. Ukiuficha utazaa uongo, na uongo wako utamnyima maji asiye na kosa."

"Yaya," Kapya aliita tena, akainua kikombe. Chalwe alikwisha kuukimbilia mtungi.