Oili Nyekundu kwenye Stelingi

Saa moja asubuhi

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka mpira na kahawa iliyochacha. Rhonda alitandaza ramani juu ya kasha, akaikandamiza kwa bastola isijikunje.

"Wachimbaji wa mifupa ya kale ni watatu. Saa sita wanakula. Tunawafunga, tunabeba fuvu la dinosaria, tunapita juu ya miamba hadi mtoni. Mnunuzi yuko ng'ambo. Magari ya polisi hayapandi huko."

"Letu linapanda?" Lyle aliuliza.

"Muulize dereva."

Dereva alikuwa Delbert. Mgongo ulimuuma. Alishafungwa mara mbili, na wakili alimwambia wazi kwamba ya tatu hatatoka. Kazi hii hakuitaka. Aliingia kwa sababu Lyle aliingia. Lyle alikuwa mdogo wa marehemu mkewe, Jolene, na Jolene alimshika mkono kitandani hospitalini akasema, usimwache mdogo wangu afie porini na wahuni. Tangu siku ile Delbert alimfuata Lyle kila alikokwenda, kama mchungaji wa mbuzi mmoja mkorofi.

"Linapanda," alisema. "Paipu ya stelingi ilipasuka jana, nimefunga mpya. Imebaki kujaza oili. Pampu yake, inayolainisha stelingi, inataka ile ya kijani, imeandikwa kwenye kifuniko. Si nyingine. Lyle, kailete mjini."

"Sawa, shem."

Saa sita mchana

Ilikwenda vizuri mno. Wachimbaji walikuwa hemani na mikate yao mikononi. Rhonda aliwaonyesha bastola, Delbert akawafunga. Mmoja alikuwa bibi mwenye kofia pana. Delbert hakumkaza kamba.

"Mshikeni taratibu," bibi alisema, akilitazama fuvu likivutwa garini ndani ya gamba lake la plasta. "Kalala muda mrefu sana huyo."

Saa saba mchana

Pampu ilianza kulia walipofika kwenye miamba iliyopangana kama ngazi. Kwanza kama mbu. Kisha kama nguruwe. Delbert alizungusha stelingi na kuhisi uzito mikononi. Alisimama, akafungua boneti. Povu la waridi lilikuwa likifurika kutoka kwenye kopo la stelingi na kutiririka juu ya injini ya moto.

"Lyle, ulitia oili gani?"

"Oili."

"Ipi?"

Lyle alitazama viatu vyake. "Nyekundu. Ya giaboksi. Mjini ni mbali, shem. Baba alitia hiyo kwenye jipu lake maisha yake yote. Kila mtu huku anatia hiyo."

"Jipu la baba yako lilikuwa la zamani, lilikunywa chochote. Hili haliwezi. Umechanganya na ile iliyobaki, sasa inatoa povu. Povu halisukumi kitu."

"Mtafanya semina baadaye," Rhonda alisema. Alikuwa akitazama bondeni. Vumbi lilikuwa likipanda. "Wale wachimbaji wamejinasua. Endesha."

"Ipoe kwanza. Niitoe hii takataka, nione kama—"

"Mzee. Endesha."

Lyle alitangulia kwa miguu, kama inavyofanywa kwenye miamba, akimwonyesha dereva kwa mikono pa kukanyaga. Upande wa kulia palikuwa shimo tupu; nyuma ya Lyle, ukuta wa mwamba. Alipunga kushoto. Delbert alivuta kushoto. Stelingi ilikuwa kama imemwagiwa zege. Alivuta tena kwa mwili mzima, hadi bega likalia. Magurudumu hayakugeuka. Gari liliteleza, likaserereka ubavu, likasimama.

Lyle hakupiga kelele. Alikohoa tu. Tairi la mbele lilikuwa limembana paja ukutani kwa mwamba.

"Rudi nyuma," Rhonda alisema.

"Nikirudi linateleza tena. Litamsaga."

"Nimesema rudi." Bastola ilikuwa imeinuka. "Mguu wake au sisi wote."

Delbert alizima injini. Alichomoa ufunguo, akautupa shimoni. Kisha akachukua redio ya mkononi, akafungua mawimbi ya madereva wa miambani.

"Mtu amebanwa ngazi za juu. Anatoka damu. Mwenye winchi ya kuvuta gari aje."

Huko miambani hakuna anayesikia wito huo akapita. Sauti tatu zilijibu kwa mkupuo. Na polisi pia walikuwa wakisikiliza, kila mtu alijua.

"Umetuuza," Rhonda alisema.

"Ndiyo."

Rhonda alimlenga kifuani. Kisha akatema mate, akanyakua dumu la maji, lile pekee walilokuwa nalo, akashuka korongoni bila kugeuka.

Delbert alivua mkanda, akalifunga paja, akakandamiza kwa viganja vyote viwili.

"Kimbia, shem," Lyle alisema. Midomo ilikuwa myeupe. "Watakuweka ndani moja kwa moja."

"Kwa miguu gani, wewe. Nyamaza."

"Ilikuwa kopo tu la oili."

"Najua."

Saa nane mchana

Majipu mawili yalifika kwanza, watu wakiruka na kamba za winchi hata kabla hayajasimama. Nyuma yao askari kijana alikuja akihema, bunduki mbele.

"Mikono juu."

"Siwezi," Delbert alisema. "Nikiinua, damu inamwagika."

Askari aliitazama mikono ile. Akarudisha bunduki begani, akapiga magoti upande wa pili, akaweka yake juu ya ile.