Skrubu Nane

Kila asubuhi kabla ya kengele ya kwanza, Awinja alifungua chumba cha kompyuta. Alipanguza meza, akakunja kitambaa kilichofunika kompyuta, kisha akafungua madirisha ya upande wa bustani. Ya upande wa barabara hakuyagusa, kwa sababu trekta za miwa zilipita kutwa nzima na vumbi lake liliingia hata kwenye chai ya walimu.

Ilikuwa miaka ile ambayo miwa ilistawi katika eneo lote la Kabras. Nyumba nyingi zilipata mabati mapya, na wazazi walichanga hadi shule ikanunua kompyuta yake ya kwanza na ya pekee. Babake Awinja aliendesha mojawapo ya trekta hizo. Awinja alikuwa darasa la saba, naye ndiye mtunza ufunguo. Aliuvaa shingoni kwa kamba nyekundu, na hata wakati wa mpira hakuuvua.

Ijumaa moja baada ya masomo, Mwalimu Osundwa aliingia chumba cha kompyuta na bahasha nene, wanafunzi kadhaa wakiwa bado humo. Ndani mlikuwa na diski mbili, kila moja ukubwa wa daftari dogo, nzito kama jiwe.

"Diski ya kompyuta yetu imejaa," alisema. "Hakuna nafasi ya kuweka hata somo moja. Leo tutaongeza hizi mbili."

Awinja alisogea mbele, mkono tayari kupokea bisibisi.

"Rosebella, njoo," mwalimu akasema. "Nimeona unavyofanya kazi. Huna haraka. Awinja, wewe utamshikia tochi."

Tochi! Awinja alihisi masikio yakimwaka moto. Rosebella alikuwa amehamia shuleni mwezi wa kwanza tu. Babake alikuwa mkata miwa, na soksi za Rosebella hazikufanana, moja ya kijivu na nyingine nyeusi. Huyo ndiye wa kupewa bisibisi?

"Mbona umenuna hivyo?" Wanyama, mvulana wa darasa lao, alimnong'oneza. "Ni kama umenyimwa obusuma, ugali wenyewe, ukiwa na njaa!"

"Nenda zako!" Awinja akamjibu.

Mwalimu alifungua ubavu wa kasha la kompyuta. "Shika chuma kwanza, umeme ulio mwilini utoke," alimwambia Rosebella. "Sukuma diski kwenye nafasi yake. Kisha ifunge kwa skrubu nne, mbili kila upande. Isipofungwa itatikisika, na diski inayotikisika huharibika." Alihesabu skrubu nane kwenye kisahani. "Hizi hazipatikani mjini Malava. Zisipotee."

Mara mwalimu mkuu akamwita Mwalimu Osundwa. Wanafunzi wengine wakaenda zao, wasichana wawili wakabaki.

Rosebella aliinama kuchomeka waya mpana kama utepe. "Mulika hapa kidogo, dadangu," alisema kwa furaha. "Aki, sijawahi kuona kitu kama hiki!"

Awinja alimulika kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alimimina skrubu zote ndani ya kikebe chake cha vifaa vya hesabu. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

"Skrubu ziko wapi?" Rosebella aliuliza alipoinuka.

"Mimi nilishika tochi tu. Kwani hukuziangalia?"

Rosebella alipiga magoti akapapasa sakafu yote. Awinja naye alipapasa, akijifanya anatafuta. Kisha akasema mamake anamngoja, akaenda. Moyoni alikuwa na hakika kwamba mwalimu akirudi atamkaripia Rosebella, na yeye ndiye atakayepewa bisibisi.

Lakini baada ya kungoja langoni karibu saa nzima, alisikia makofi. Alirudi mbio akachungulia dirishani. Kasha lilikuwa limefungwa, kompyuta imewaka, na kiooni zilionekana diski tatu.

"Safi sana!" mwalimu alikuwa akisema. "Jumatatu utapewa ufunguo, Rosebella. Awinja ameutunza mwaka mzima, sasa ni zamu yako."

Diski zimesimamaje bila skrubu? Awinja hakuelewa. Alielewa jambo moja tu, kwamba kamba nyekundu ingehamia shingo nyingine.

Jumapili kanisani, mhubiri aliwaomba watu wamkabidhi Mungu kila kilicho mikononi mwao. Awinja alifumba macho. Badala ya maneno ya sala, aliona skrubu nane. Nyumbani, mamake, Phoebe, alimwambia abariki chakula.

"Omba wewe, Mama," alisema.

Mamake alimgeukia. "Mwanangu, ukiona kuomba kumekuwa kugumu, kuna kitu umekificha." Aliomba mwenyewe, wakala.

Jumatatu mwalimu aliwasha kompyuta mbele ya darasa zima. Ilitetemeka, ikakwaruza kama mashine ya kusaga mahindi yenye jiwe ndani. Mwalimu alichomoa waya wa umeme upesi, akafungua kasha.

Sisimizi walimwagika mezani, mamia kwa mamia. Walikuwa juu ya diski na ndani ya feni. Kando ya kila diski kulikuwa na vipande vya muwa vilivyochongwa vizuri na kushindiliwa kama kabari. Vilikuwa vimekauka na kunywea, na diski zikalegea.

"Fundi wa miwa!" Wanyama alipiga kelele, na darasa likaangua kicheko.

"Skrubu zilipotea, Mwalimu," Rosebella alisema, machozi yakimlengalenga. "Niliogopa kukuambia. Nilikuwa na muwa kwenye mkoba, nikafikiri utashikilia."

"Ulifungia diski kwa sukari!" Mwalimu Osundwa alitikisa kichwa kwa uchungu. "Hutaingia chumba hiki tena mpaka muhula uishe."

Rosebella alichukua mkoba wake akaelekea mlangoni. Hivyo ndivyo Awinja alivyotaka. Hata hivyo hakuona utamu wowote. Aliona soksi mbili zisizofanana zikiondoka.

"Mwalimu, ngoja!" Alifungua kikebe, akamwaga skrubu mezani. "Niliziiba mimi. Nilimwonea wivu."

Mwalimu akamwita Rosebella arudi.

Walisafisha kompyuta mchana wote, wasichana wawili na mwalimu, kwa brashi laini. Rosebella alimpa Awinja mgongo. Mwishowe diski zilirudi mahali pake, skrubu nne kila moja. Mwalimu akawasha. Zilinguruma polepole, kisha zote tatu zikaonekana kiooni.

"Mungu ametuhurumia," Mwalimu Osundwa alisema. "Awinja, ulitaka kumwangusha mwenzako mmoja, na nusura uinyime shule nzima masomo. Wivu haukukupa bisibisi. Furahia mwenzako akichaguliwa, kisha ujifunze kwake. Na wewe, Rosebella, kitu kikipotea sema siku hiyo hiyo. Kosa lililofunikwa huzaa jingine."

Awinja alivua kamba nyekundu, akamvalisha Rosebella. "Nisamehe, dadangu."

Rosebella aliushika ufunguo. Kisha akachukua bisibisi na ubavu wa kasha. "Bado hatujafunga," alisema. "Nimulikie."

Awinja alishika tochi kwa mikono miwili, na mwanga haukutikisika.