Rafiki Yangu Ndiye Aliyeita Trekta Kwenye Nyasi Zangu

"Simamishaaa! Simamisha hiyo trekta!"

Nilikimbia katikati ya shamba na kiatu kimoja mguuni. Kingine kilinasa kwenye tope, wala sikugeuka kukiangalia.

Mashine ya kufyekea ilikuwa inazunguka tu, na nyasi zangu zinalala chini, mstari baada ya mstari...

"Dada, toka hapo utaumia!" dereva akapiga kelele.

"Nani kakutuma? Nani?!"

Akanyoosha kidole pembeni mwa shamba.

Pale alisimama mkurugenzi wa kituo chetu cha utafiti. Na ubavuni kwake... jamani... alisimama Pacha!

Pacha si ndugu yangu wa damu. Watu wa maabara ndio waliotubandika jina hilo, kwa sababu ukimwona mmoja, mwingine yuko nyuma. Tulisoma wote, tukaajiriwa wote. Mama yangu alimwita mwanawe wa pili.

"Pacha, waambie wasimame!"

Akaangalia chini.

"Mimi ndiye niliyetoa taarifa," akasema kwa sauti ndogo. "Nisamehe."

Nikakaa palepale juu ya mabua.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana najua kuna mtu anajiuliza, yaani kilio chote hiki ni cha nyasi?

Ndiyo. Nyasi!

Mimi ni mtafiti wa mimea. Kazi yangu ilikuwa kutafuta mmea unaokua haraka kwenye ardhi iliyochoka, ile ambayo hata mahindi yameikataa. Unauvuna, unaukausha, unausaga, unapata mkaa mbadala. Ukishavuna, unachipua wenyewe. Watu wapike bila kuangusha mti hata mmoja.

Shemeji zangu walinicheka mpaka basi. "Umesoma mpaka macho yakaomba miwani, halafu umeishia kwenye chakula cha ng'ombe?"

Mama peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa akiwaambia majirani zake, "Mwanangu anatengeneza kuni zisizokata mti." Analisema hilo kifua mbele, utadhani nimejenga ikulu.

Na nilifika, jamani! Nilichanganya aina mbili za nyasi, nikachagua, nikatupa, nikaanza upya, miaka na miaka, mpaka nikapata moja tuliyoiita Twiga. Ilipita kichwa changu, ikapita paa la gari la kituo!

Sharti lilikuwa moja tu. Hakuna kipande kutoka nje ya uzio mpaka tuijue tabia yake. Kwa sababu mmea unaochipua kila ukikatwa unaweza kugeuka gugu. Kipande cha shina kama kidole kikidondoka kwenye udongo, kinaota. Kikishaota, kukimaliza ni vita.

Sasa rudi na mimi ofisini kwa mkurugenzi, siku hiyohiyo ya trekta.

"Twiga imeonekana kando ya mto, nje ya kituo. Imeingia kwenye mashamba ya watu, ndiyo maana tunaifyeka."

"Haiwezekani! Mto huo una vijiji vingi, labda ni nyasi za porini."

"Tumepima maabara. Ni yenyewe."

"Mimi sijatoa hata jani, bosi. Naapa!"

Akavua miwani.

"Funguo za uzio mnazo wawili. Mwenzako ndiye aliyetoa taarifa. Sasa niambie, amebaki nani?"

Ungejibu nini wewe? Unathibitishaje kitu ambacho hukufanya?

Nikasimamishwa kazi. Nikakabidhi funguo na koti la maabara. Mlinzi aliyekuwa ananitania kila asubuhi akanifungulia geti bila kunitazama usoni.

Pacha alipiga simu mara nyingi. Nilipokea moja tu.

"Wewe nyoka! Ulitaka nafasi yangu, si ndiyo? Ichukue!"

"Dada, nisikilize kwanza..."

Nikakata. Nikambloki kila mahali.

Nikabaki na mama tu. Nikampigia, nalia kama mtoto.

"Mama, nakuja nyumbani."

"Usije!"

Nilishtuka. Mama yangu? Anayelalamika kila wiki kwamba nimemsahau?

"Nyumba inapakwa rangi, mwanangu. Harufu itakusumbua kifua. Njoo mwezi ujao..." Sauti yake ilikuwa inatetemeka.

Nilikwenda. Moyoni nilijiambia mama anaumwa na ananificha.

Kuta zilikuwa zilezile zilizobabuka. Hakuna rangi wala nini. Nikaita, kimya. Ila nyuma ya nyumba nikasikia jembe.

Nikazunguka...

Jamani!

Twiga ilikuwa imesimama juu kuliko paa la jiko! Ukuta wa kijani, kutoka jikoni mpaka kwenye mahindi, kutoka mahindi mpaka chini kwenye mto uleule aliousema mkurugenzi. Mahindi ya mama yamemezwa, yamebaki ya njano, membamba kama nyuzi.

Mama alikuwa amepiga magoti anachimba mizizi, viganja amevifunga matambara. Matambara yana damu.

Na pembeni yake, na panga mkononi, tope mpaka magotini... Pacha!

Mama akaachia jembe.

"Mwanangu, nilikwambia usije."

"Mama... hizi zimefikaje hapa?"

Akafuta uso kwa mkono wa gauni.

"Siku ile uliponitembeza kazini kwako. Nilivunja kipande nikakitia mkobani. Wenzangu wanapanda maua mlangoni, na mimi nikataka kupanda kazi ya mwanangu."

Nikaokota jembe lake, nikaliweka pembeni. Akaendelea.

"Kila mgeni akauliza hiki nini. Nikasema katengeneza mwanangu. Wakaniomba, nikawakatia... Nitawanyimaje na najivunia? Nilipoona imeanza kula mahindi nikaogopa. Nikawa nakata. Nikikata moja zinatoka tatu."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ningekwambiaje kwamba kazi yako imeniharibia shamba? Ungeacha kulala."

Nikamgeukia Pacha.

"Nilikuja kumsalimia nikaziona," akasema. "Zilikuwa zimeshaingia kwa jirani. Mama akaniomba kwa machozi nisikwambie. Nikatoa taarifa, nikasema tu kando ya mto. Nilidhani watakuja kuzing'oa huku, yaishe. Sikujua watafyeka shamba lako, wala kwamba lawama itakuangukia wewe."

"Na nilipokuita nyoka?"

"Ningesema nini, dada? Nimtaje mama?"

Nilitaka kumkasirikia mtu. Nilitafuta nani, nikamkosa. Tukakaa chini watatu, tunalia, na Twiga inapunga upepo juu yetu.

Kesho yake mama alivaa gauni lake la kwendea hospitali, akasema twende kituoni. Nikamkatalia. Akatangulia mlangoni.

Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwekea maji ya kunywa.

"Mama, jina la mwanao tutalisafisha. Hilo nakuahidi."

"Na nyasi zake?"

"Zimefyekwa, zikapigwa dawa mpaka mizizi, mama. Wafadhili wamejitoa. Mradi umefungwa."

Mama akasukuma maji pembeni. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo yananichoma...

"Si mje mchukue za kwangu? Ziko nyingi. Mrudishieni mwanangu shamba lake."

Mkurugenzi akainamisha kichwa. "Hizo ndizo zilizotufikisha hapa, mama."

Halafu akanigeukia mimi. "Kazini unarudi. Unaijua Twiga kuliko mtu yeyote. Kazi yako kuanzia sasa ni kuimaliza."

Mmeelewa? Miaka yote nimeikuza, sasa nalipwa kuiua!

Ndiyo kazi yangu leo. Mimi na Pacha tunapita nyumba kwa nyumba na majembe na dawa ya kuua magugu. Juzi tulifika kwa mama mmoja fundi cherehani, akasimama mbele ya kichaka chake, mikono kiunoni.

"Hizi hamng'oi! Njooni muone jiko langu. Moto safi, moshi hakuna. Sijanunua mkaa tangu nizipande. Aliyezitengeneza Mungu ambariki!"

"Ni mimi, mama."

Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe? Sasa unaziua ya nini, mwanangu?"

Nikamwonyesha mahindi ya jirani yake yaliyomezwa.

"Nimekuelewa," akasema. "Ila nitapikia nini?"

Jibu nilikuwa nalo, lilifyekwa.

Akasogea pembeni. Nikainama, nikaanza kuchimba.

Wazazi mnaosoma hapa, ukiharibu kitu cha mwanao, mwambie siku hiyohiyo, hata kama moyo unakataa. Kingekuwa kichaka kimoja mlangoni kwa mama, ningeking'oa asubuhi moja tukanywa chai tukacheka. Alinificha kwa kunipenda, na hilo ndilo linaloniuma, maana sina hata wa kumlaumu.

Na wewe uliyembloki rafiki yako wiki hii... mpigie. Msikilize kwanza.