Mluzi wa Gari la Bertha

Gari lilikuwa limesimama, injini imezimwa, na pale gereji ya Makorora hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Lakini Idarusi alipoweka kiganja kwenye mlango wa nyuma aliusikia mluzi, mwembamba, mfupi, kisha kimya. Akajiambia ni masikio yake, maana anayeshinda kutwa akigonga mabati husikia mengi.

Mwenye gari, Bertha, nesi wa Muheza, alikuwa amelileta asubuhi ile. "Fundi, likifika themanini linapiga mluzi," alisema bila kumtazama usoni. "Miezi mitatu sasa. Ziba popote pale, ilimradi linyamaze."

Idarusi hakuwa mtu wa kushindwa na upepo. Mafundi wengine hubadilisha raba zote za milango kisha wakamwachia Mungu. Yeye alikuwa na njia yake. Aliziba kila upenyo kwa tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, akatoka na gari barabarani, kisha akabandua kipande kimoja kimoja mpaka kelele irudi na tundu lijulikane. Na kwa kuwa dereva hawezi kuendesha na kusikiliza pamoja, nyuma alimkalisha mkewe, Najat, na kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, ya pili ikipita kwenye kingo za mlango. Walikuwa na miaka sita ya ndoa, na safari hizo ndizo zilizokuwa matembezi yao. Njiani walikuwa wakisimama kunywa madafu, wakicheka.

"Wenzangu wapelekwa kutembea," Najat alipenda kumchokoza, "mie napelekwa kusikiliza milango."

Siku hiyo walishika barabara ya Pangani saa nne, jua likiwaka. Tepu yote ilikuwa mahali pake, kwa hiyo gari lilipaswa kuwa kimya. Lilipofika themanini, mluzi ukaanza.

"Haiwezekani," Idarusi alisema.

"Hautoki nje," Najat alinong'ona. Alikuwa amefumba macho. "Wapita humu nilimokaa." Akausogeza mpira taratibu, kutoka mlangoni hadi kwenye mgongo wa kiti, na hapo akatulia, kichwa kimeinama. Ghafla akasema kwa sauti safi, "Abee!"

Mluzi ukakatika papo hapo.

"Nani kakuita?"

"Si wewe?" Akafumbua macho. "N'mesikia Najat, Najat, nami n'kaitika." Halafu akautoa mpira sikioni na kuuweka chini, mbali na miguu yake.

Najat alikuwa amelelewa vizuri, na binti aliyelelewa vizuri pwani hii akiitwa husema abee kabla hajafikiri. Bibi yake alimfundisha na la pili, kwamba mwenye sauti usiyemwona humwitikii. Siku ile la kwanza lilitangulia. Idarusi alijua hayo yote, na bado alicheka, mpumbavu yule, akafurahi kwamba gari limenyamaza. Alibadilisha raba moja ili aonekane kafanya kazi, na adhuhuri Bertha akaondoka na gari lake.

Jioni ile Najat alianza kuziba nyumba. Alianza na tundu la ufunguo, kwa pamba. Kesho yake akaziba nafasi ya chini ya mlango kwa kanga zake, zile nzuri za harusini. Siku ya tatu chumba kilikuwa kinanuka kiti cha gari kilicholowa mvua, na Idarusi alipomuuliza kwa nini anafunga madirisha kwenye joto lile akajibiwa tu kwamba upepo unaumiza. Ndipo alipousikia mluzi tena, mchana kweupe, na akauzunguka ukuta mzima akitafuta tundu, akapapasa dirisha, akapapasa mlango, akainama chini ya kitanda, mpaka akafika kwa mkewe aliyekaa ameegemea mto, mdomo umefumbwa, na akaona kwamba mluzi unapanda kifua chake kinapopanda na kunyamaza kinaposhuka, na kwamba siku hizo zote tatu mkewe hakuwa amepepesa macho mbele yake.

Alimpigia Bertha simu.

"Limetulia, fundi, Mungu akubariki," Bertha alisema. Kisha akashusha sauti. "Nani aliitika?"

"Ulijua?"

"Lilikuwa likiniita kwa jina, asubuhi na jioni. Nikafungulia kwaya kwa sauti, nisiitike." Alikuwa analia. "Ningekwambia, ungelishika? Nisamehe, kaka yangu." Akakata, na hakupokea tena.

Idarusi akamwita Maalimu Luqmani, mtoa majini, naye akaja kutoka Ngamiani na chetezo chake. Alisoma, akafukiza ubani, akasoma tena, mpaka Najat akaguna kwa sauti nzito. Maalimu akatabasamu, kwa maana jini akishasema, kilichobaki ni mapatano.

"Wataka nini, mgeni? Kitambaa chekundu? Pete? Kombe la zafarani? Sema tukupe, ushike njia yako."

"Sitaki kitu."

"Mbuzi?"

"Sitaki kitu. Kule upepo ulinitesa. Hapa pazuri."

Maalimu aliuliza mara saba, na mara saba akajibiwa hivyohivyo, kwa upole. Mwishowe akachukua chetezo chake, bado kinafuka, akatoka nacho uani.

"Maalimu, nakuomba!"

"Hutolewa kwa ahadi, mwanangu. Huyu n'mwahidi nini?" Mzee alikuwa anatokwa jasho. "Miaka arobaini sijamwona wa namna hii."

Idarusi alirudi ndani peke yake. Najat alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu barabara ya Pangani sauti ilikuwa yake mwenyewe, ila ndogo, ya mtu aliye mbali.

"Idarusi, n'toe. Huku kuna upepo. Na tu wengi."

Idarusi alimrukia, akamshika mabega, akamwita. Alimwita tena na tena, akipiga kelele, akimpapasa masikio, midomo, nywele, yeye aliyeweza kupata tundu dogo kuliko yote kwenye gari la mtu, mpaka majirani wakajaa uani na hakuna aliyethubutu kuingia. Mkewe alisubiri amalize. Kisha akaitoa mikono ya Idarusi mabegani, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu.

"Punguza kelele, fundi," akasema. "Nataka kulala."